Walishinda kesi, wakapoteza shule

Mwanafunzi wetu anapotaja elimu ya Marekani, aghalabu fikira zake hukimbilia vyuo vikuu: Harvard, Yale, Princeton na vinginevyo ambavyo majina yao yamekuwa kama hirizi. Ni wachache wanaojua kwamba nguvu ya elimu ya taifa hilo katika karne ya ishirini haikuanzia katika vyuo hivyo vya fahari, bali katika shule za upili za umma, na hasa zile zilizojengwa na wakazi wa miji midogo iliyozungukwa na mashamba ya mahindi na ngano. Wachache zaidi wanajua kwamba shule hizo ndogo zimekuwa zikifungwa kwa miongo mingi, na kwamba katika jimbo moja shule ndogo iliyokwenda mahakamani kudai haki ilishinda, kisha ikafutwa kwa jina la ushindi huo huo. Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa nionavyo mimi kina funzo kwa mwalimu, mwanafunzi na mtunga sera popote alipo.

Kama ilivyo ada ya watu wa taaluma yangu, sina budi kuanza na maneno. Jina ambalo Mwingereza hulitumia kwa shule ya umma humaanisha, kule kwao, shule ghali ya kibinafsi wanakosomea watoto wa matajiri. Jina lilo hilo likivuka bahari ya Atlantiki humaanisha kinyume chake: shule isiyotoza karo, iliyo wazi kwa kila mtoto wa mahali hapo. Vivyo hivyo, Mmarekani anapotaja wilaya ya shule hazungumzii eneo la utawala kama tulivyozoea sisi. Wilaya ya shule ni serikali ndogo yenye bodi yake, ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura za wakazi. Bodi hiyo huajiri walimu, huamua ujenzi na, katika majimbo mengi, huwatoza wenyeji kodi ya ardhi na majumba yao. Wilaya za aina hii ni kama 13,000 hivi leo. Katiba ya shirikisho haitaji elimu hata kidogo. Jambo hilo limeachiwa majimbo, nayo majimbo kwa muda mrefu yaliwaachia wenyeji.

Shule ya kwanza ya upili ya umma ilifunguliwa mjini Boston mwaka 1821. Hata hivyo, kwa miaka mingi haikuwa wazi iwapo ni halali kumtoza mkulima kodi ili mtoto wa jirani yake asome zaidi ya masomo ya msingi. Katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, baadhi ya walipa kodi walikwenda mahakamani kupinga jambo hilo. Mwaka 1874 Mahakama ya Juu ya Michigan, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Thomas Cooley, iliamua kwamba wenyeji wana haki ya kujitoza kodi ili kuendesha shule ya upili. Uamuzi huo ukawa nguzo iliyoegemewa na majimbo mengine.

Matokeo yake yalikuwa ya kustaajabisha. Mwaka 1910 takriban vijana 9 tu kati ya kila 100 ndio waliohitimu shule ya upili. Kufikia mwaka 1940 waliohitimu walikuwa kama nusu. Hakuna taifa jingine duniani lililopiga hatua kama hiyo wakati huo. Wanauchumi Claudia Goldin, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, na mwenzake Lawrence Katz wamechunguza kwa kina chanzo cha mwamko huo. Walichogundua ni kwamba miongoni mwa majimbo yaliyotangulia mbele yalikuwa yale ya nyanda za kati, kama vile Iowa, Kansas na Nebraska, ambako watu wengi waliishi vijijini na katika miji midogo, wala si yale yenye viwanda vikubwa. Katika miji hiyo mali za watu zilikaribiana, na wakazi walikaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mzee ambaye watoto wake walisomeshwa jana kwa kodi za majirani hakuona uchungu kulipa leo kwa ajili ya watoto wa wengine. Sisi tungesema kwamba walielewa maana ya mkono kuosha mkono.

Tusisahau, lakini, kwamba baraka hizo hazikuwafikia wote. Katika majimbo ya Kusini watoto weusi walitengewa shule duni, na katika sehemu nyingi hawakuwa na shule ya upili kabisa. Jambo hili nitalirudia, maana ndilo linaloipa hadithi yetu uzito wake.

Shule ya upili katika mji mdogo wa Marekani si mahali pa masomo tu. Ukumbi wake ndio ukumbi wa mji. Wakazi hupigia kura hapo, hukutana hapo dhoruba inapobomoa majumba, na jioni za Ijumaa hujazana kutazama vijana wao wakicheza dhidi ya mji jirani. Mfano unaotajwa sana ni wa Milan, mji mdogo wa jimbo la Indiana. Mwaka 1954 shule ya Milan ilikuwa na wanafunzi 161 pekee. Timu yake ya mpira wa vikapu ilifika fainali ya jimbo na kukutana na Muncie Central, shule iliyoizidi kwa ukubwa mara nyingi, ikaishinda kwa alama 32 kwa 30 baada ya Bobby Plump kutumbukiza mpira katika sekunde za mwisho. Sinema ya Hoosiers ya mwaka 1986 ilitokana na tukio hilo. Wakati huo shule zote za Indiana, kubwa kwa ndogo, zilishindana katika ulingo mmoja. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1997, kisha mashindano yakagawanywa kulingana na idadi ya wanafunzi.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya michezo na bashasha tu. Mwaka 1964 wanasaikolojia Roger Barker na Paul Gump walichapisha utafiti wao kuhusu shule za upili za Kansas, kubwa na ndogo. Walionyesha kwamba shule kubwa ina shughuli nyingi zaidi, lakini katika shule ndogo mwanafunzi mmoja mmoja hushiriki shughuli nyingi zaidi na hubeba majukumu mazito zaidi. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Shule yenye wanafunzi elfu mbili ikitaka kuigiza mchezo wa kuigiza, itachagua wenye vipawa na kuwaacha wengine wawe watazamaji. Shule yenye wanafunzi themanini itamhitaji kila mmoja: yule mwenye haya atapewa nafasi ya kusema, na yule mvivu atatumwa kubeba viti. Katika shule kubwa mwanafunzi wa kawaida anaweza kukosekana bila pengo kuonekana. Katika shule ndogo pengo lake huonekana asubuhi ile ile.

Aidha, shule ya namna hiyo ndiyo mahali ambapo mgeni hugeuzwa kuwa mwenyeji. Hapa kuna mfano unaotugusa sisi moja kwa moja. Lewiston, katika jimbo la Maine, ni mji wa watu wapatao 36,000 uliojengwa na viwanda vya nguo. Wafanyakazi wake wengi wa zamani walitoka Kanada na walizungumza Kifaransa. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria iliyolazimisha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule za umma, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1969. Vizazi vizima vilikua vikijua kwamba lugha ya mama ni ya jikoni na kanisani, wala si ya shuleni. Kuanzia mwaka 2001 wageni wengine waliwasili, mara hii Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Dadaab, hapa kwetu Kenya. Mwaka 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka wazee wao wapunguze kasi ya kuwaleta jamaa zao, na barua hiyo ikazua kishindo nchini kote.

Lililofuata baadaye halikupangwa na meya wala na barua. Mwaka 2015 timu ya kandanda ya shule ya upili ya Lewiston, ambayo wachezaji wake wengi walikuwa wana wa wakimbizi, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa kuishinda Scarborough bao moja kwa nunge. Vijana hao walihimizana kwa maneno ya Kiswahili, wakisema "Pamoja ndugu!" Mimi kama mwanaisimu siwezi kupuuza jambo hilo. Katika mji ambao zamani Kifaransa kilifukuzwa darasani, lugha yetu ilipaazwa uwanjani na wazungu na weusi wa timu moja, na wajukuu wa wale Wakanada wakashangilia kwa sauti. Shule ya umma ndiyo iliyowakutanisha, maana hapakuwa na mahali pengine katika mji huo ambapo watu hao wote walilazimika kuwa pamoja kila siku.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumeimba nusu ya wimbo. Ule umiliki wa wenyeji unaoipa shule ndogo uhai wake ndio huo huo unaoweza kuinyonga. Ikiwa shule yategemea kodi ya ardhi na majumba ya mahali pake, basi mji wenye ardhi ya thamani utakuwa na maabara, maktaba na walimu wa fizikia, ilhali mji maskini utajitoza kodi hadi uchoke na bado ushindwe kununua chaki. Serikali za majimbo huongezea fedha, na serikali ya shirikisho huchangia kiasi kidogo, lakini pengo haliishi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba elimu si haki ya kimsingi chini ya Katiba ya shirikisho. Tangu hapo wanyonge waliotaka usawa wa fedha za shule walilazimika kugeukia mahakama za majimbo yao na katiba za majimbo hayo.

Wakati uo huo, wataalamu walikuwa wakishauri shule ndogo ziunganishwe. Mwaka 1959 James Bryant Conant, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha ripoti iliyopata umaarufu mkubwa kuhusu shule za upili. Alisema kwamba shule isiyohitimisha angalau wanafunzi mia moja kila mwaka haiwezi kutoa masomo ya kutosha kwa gharama ya busara. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mwalimu mmoja hawezi kufundisha kemia, kalkulasi na Kifaransa kwa ubora sawa, na mtoto wa kijijini anayetaka kuwa mhandisi anastahili kufundishwa fizikia kama mwenzake wa mjini. Wimbi la kuunganisha lilikuwa limekwisha kuanza kabla ya Conant, nalo likapata nguvu mpya. Mwaka 1940 Marekani ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000, na hivi leo, kama nilivyotangulia kusema, zimebaki kama 13,000.

Sasa tufike kwenye maneno ya katiba, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Katiba nyingi za majimbo ya Marekani ziliandikwa katika karne ya kumi na tisa, nazo huiagiza serikali kuanzisha mfumo wa shule za umma unaoelezwa kwa vivumishi viwili au vitatu tu. Ile ya Arkansas ya mwaka 1874 yataka mfumo wa jumla, unaofaa na wenye ufanisi. Ile ya Kentucky nayo yataka mfumo wenye ufanisi. Mamilioni ya dola na hatima ya watoto vimening'inia kwenye vivumishi hivyo. Mwanafunzi anayedhani kwamba semantiki ni somo la kukariri kwa ajili ya mtihani na alifikirie jambo hili.

Neno la Kiingereza ninalolitafsiri hapa kuwa ufanisi lilikuwa na maana moja kuu wakati katiba hizo zilipoandikwa: kitu kinachotimiza kusudi lake. Baadaye, katika enzi ya mashine na viwanda, lilijikusanyia maana ya pili, yaani kupata mazao mengi kwa gharama ndogo. Kiswahili chetu kimefuata njia iyo hiyo. Ufanisi ni neno la ukoo wa kufana, na tunaposema kwamba harusi ilifana tunamaanisha kuwa ilitimia na kupendeza. Hakuna anayesema kwamba harusi ilifana kwa kuwa pilau ilikuwa haba. Lakini msikilize mhasibu wa leo akitaja ufanisi. Anamaanisha kubana matumizi. Maana mbili zimekaa chini ya paa moja, na anayeshika kalamu ya kutunga sheria ndiye anayechagua ni ipi itakayomfungulia mgeni mlango.

Katika Kentucky ilichaguliwa maana ya kwanza. Wilaya 66 zenye mapato duni, nyingi za mashambani, zilijiunga pamoja na kuishtaki serikali. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba mfumo mzima wa shule ulikuwa kinyume cha katiba. Kisha mahakama ikafafanua mfumo wenye ufanisi kwa kutaja mambo saba ambayo mtoto anapaswa kuyapata, la kwanza likiwa uwezo wa kutosha wa kujieleza kwa mdomo na kwa maandishi. Yaani kipimo cha shule kilikuwa mtoto anayetoka ndani yake. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha mageuzi makubwa na kuongeza fedha.

Arkansas mambo yalikwenda vingine. Lake View ni kijiji katika Kaunti ya Phillips, kwenye bonde la mto Mississippi. Chanzo chake ni mradi wa serikali ya Rais Roosevelt wa miaka ya 1930 uliowapa makazi na mashamba wakulima weusi waliokuwa wakilima ardhi za wengine. Hawa walikuwa watu ambao baba zao walinyimwa kila kitu, wakapata ardhi, wakajenga kijiji, na shule ikawa yao. Mwaka 1992 wilaya yao ndogo ya shule iliishtaki serikali ya jimbo kwa kugawa fedha bila usawa. Kesi ilikokotwa kwa miaka kumi. Mnamo Novemba 2002 Mahakama ya Juu ya Arkansas ilitoa uamuzi wake: mfumo wa kugharimia shule ulikuwa kinyume cha katiba.

Hukumu hiyo ina kurasa ambazo kila mwalimu angefaa kuzisoma. Inaeleza kwamba masomo yote ya hisabati ya shule ya upili ya Lake View yalifundishwa na mtu mmoja asiye na cheti cha kufundisha hisabati. Alilipwa dola 10,000 kwa mwaka kama mwalimu wa muda, akajiongezea dola 5,000 kwa kuendesha basi la shule. Darasa lake la jiometria halikuwa na bikari. Ubao uliofaa kuandikia ulikuwa mmoja tu. Karatasi zilikuwa adimu, hata mitihani ikabidi kuandikwa ubaoni kwa mkono. Wanafunzi wote wa Lake View waliojiunga na vyuo vya jimbo walihitaji masomo ya kufidia waliyoyakosa. Mwalimu wa Kenya aliyefundisha mashambani hatahitaji kuelezwa zaidi. Atamtambua mwenzake huyo mara moja, pengine hata uchovu wake.

Je, baada ya ushindi huo ni nini kilichofanyika? Gavana wa wakati huo, Mike Huckabee, alipendekeza wilaya zenye wanafunzi chini ya 1,500 ziunganishwe na nyingine. Baada ya mabishano makali bunge la jimbo lilikubaliana na kiwango cha chini zaidi, na mwaka 2004 likapitisha Sheria Nambari 60: wilaya yoyote ambayo wanafunzi wake hawakufikia 350 kwa miaka miwili mfululizo ingeunganishwa na nyingine, ipende isipende. Ni kweli kwamba bunge liliongeza fedha nyingi kwa ajili ya shule na mishahara ya walimu, na kwamba kila shule ya upili ilitakiwa kufundisha masomo 38. Hayo ni mema yasiyopingika, nayo yalitokana na kesi ya Lake View. Lakini tarehe 1 Julai 2004 wilaya ya shule ya Lake View ilifutwa na kuunganishwa na ile ya Barton-Lexa. Waliofungua mlango wa haki wakajikuta nje ya mlango huo.

Wakazi hawakunyamaza. Walirudi mahakamani, mara hii zile za shirikisho, wakilalamika kwamba sheria hiyo iliwabagua watu weusi. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa iliwakatalia.

Ili kuelewa uchungu wao, hatuna budi kukumbuka yaliyotangulia. Uamuzi mashuhuri wa mwaka 1954 uliokomesha ubaguzi wa rangi shuleni ulitekelezwa, katika majimbo mengi ya Kusini, kwa kuzifunga shule za weusi na kuwapeleka watoto wao katika zile za wazungu. Maelfu ya walimu na wakuu wa shule weusi walipoteza kazi. Kwa hiyo, mtu wa Lake View alipoambiwa mwaka 2004 kwamba shule yake inafutwa kwa manufaa ya watoto wake, hakuwa akiyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Babu yake aliyasikia pia.

Nionavyo mimi, kosa la Arkansas lilikuwa kuchanganya mambo mawili tofauti: uchache na umaskini. Shule ya Lake View haikukosa bikari kwa kuwa ilikuwa na watoto wachache. Ilizikosa kwa kuwa haikuwa na fedha. Watoto wachache hawahitaji bikari nyingi. Uhaba wa mwalimu wa fizikia ni tatizo la kweli kwa shule ndogo, nami silipuuzi. Lakini tatizo hilo lina dawa nyingi: mwalimu anayezunguka shule mbili au tatu, masomo yanayopitishwa kwa intaneti, mshahara unaomvutia mtu kukaa mashambani. Kuifuta bodi ya kijiji si dawa ya uhaba wa bikari.

Isitoshe, hesabu ya akiba mara nyingi husahau kilomita. Katika jimbo la West Virginia, lenye milima na barabara za kujipinda, shule zaidi ya 300 zilifungwa kuanzia mwaka 1990. Mwaka 2002 gazeti la Charleston Gazette lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu jambo hilo, likaonyesha kwamba kulikuwa na watoto waliokaa ndani ya basi zaidi ya saa moja kila upande, na kwamba akiba iliyoahidiwa haikuonekana. Mtoto anayefika nyumbani giza limeingia hawezi kubaki shuleni kwa ajili ya bendi, mdahalo au mpira. Ile faida waliyoieleza Barker na Gump hupotelea barabarani, na hakuna mhasibu anayeiandika kama hasara kwa sababu haina risiti.

Baadhi ya wasomaji watauliza mambo ya Arkansas yanatuhusu nini. Jibu langu ni fupi. Shule nyingi za upili za nchi hii zilizaliwa kwa harambee. Wazazi waliuza kuku na mbuzi, wakabeba mawe na mchanga, kwa imani ile ile waliyokuwa nayo wakulima wa Iowa walipojitoza kodi kwa ajili ya watoto wa majirani. Kila mara afisa anapokuja na orodha ya shule zenye wanafunzi wachache, akisema kwamba haziendeshwi kwa ufanisi, ni wajibu wetu kumwuliza swali la kwanza kabisa: ufanisi kwa maana ipi? Ikiwa anamaanisha kwamba watoto hawajifunzi, basi na atuonyeshe walichokosa na namna watakavyokipata huko wanakopelekwa. Ikiwa anamaanisha kwamba wanagharimu sana, basi na aseme hivyo waziwazi, wenyeji wajue wanajadili fedha wala si elimu. Kuna shule ambazo hazina budi kuunganishwa, na mwalimu mkweli anazijua. Lakini hata hizo zinastahili kuhukumiwa kwa sababu iliyotamkwa, mbele ya wale waliozijenga.

Kwa walimu wenzangu wa lugha nina ombi moja. Tumezoea kumwuliza mwanafunzi maana ya neno, akatujibu kwa sentensi moja ya kamusi, tukampa alama zake. Tumwulize pia neno hilo linatumiwa na nani, kwa faida ya nani, na ni maana ipi nyingine iliyosukumwa kando ili hii ipite. Watu wa Lake View walikuwa na wakili, walikuwa na ushahidi, na walikuwa na katiba upande wao. Walichokosa ni nafasi mezani siku neno hilo lilipokuwa likigeuzwa kuwa sheria. Wanafunzi wetu wa leo ndio watakaoketi katika bodi za shule, katika mabunge ya kaunti na katika Bunge la taifa. Tukiwafundisha kusoma neno kwa makini, huenda siku ikifika wakaiona hila kabla muhuri haujapigwa.